Nani Alimfunga Kamba?

Bega la kushoto lilidondoka kwanza. Nahodha wa Kireno alikuwa ameinua upanga wake wa mbao kuamuru Kilwa ishambuliwe, na kabla hajamaliza kauli, kipande cha bega kikamtoka, kikagonga sakafu na kubingirika hadi miguuni mwa mwanafunzi aliyeigiza mzee wa mji. Mzee wa mji akakiokota, akakigeuza, akamrudishia mvamizi kwa adabu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lilikuwa zoezi tu, zikiwa zimebaki siku 12 kabla ya onyesho. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu deraya ile niliitengeneza kwa mikono yangu. Wala nahodha hakucheka. Yeye ni rafiki yangu, mzaliwa wa Kilwa Masoko, na alipovua kofia aliniambia kwa sauti ya chini, "Wakicheka hapa, tumeharibu. Kwetu hii siyo vichekesho."

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu silaha za Wareno katika pwani yetu karne ya 16. Kwa hiyo marafiki zangu wa sanaa za maonyesho walipoamua kuigiza tukio la Julai 1505, pale Francisco de Almeida, aliyekuwa njiani kwenda India kuwa makamu wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko, aliposhusha askari Kilwa, mtawala Ibrahim akakimbia na mji ukaporwa, walinijia moja kwa moja. "Wewe si ndiye bingwa wa Wareno? Tutengenezee mavazi basi."

Fedha hazikuwepo. Waigizaji walikuwa saba tu, hivyo yule anayeigiza nahodha alipaswa pia kuwa mvuvi wa Kilwa anayekimbia na mwanawe. Mwongozaji hakutaka abadilike nyuma ya pazia. Alitaka deraya ivuliwe mbele ya watazamaji, kipande kimoja kimoja, na msichana anayeigiza mtumishi wa nahodha, kwa muda usiozidi dakika mbili, mpaka chini ya mvamizi aonekane mtu. Nikakubali haraka, kama wanavyokubali watu wasiojua kazi.

Nilinunua mikeka ya mazoezi, ile minene ya milimita 10 yenye povu gumu kama la ndala. Nikaikata kwa kisu, nikaipasha moto ili ipinde, nikaiunganisha kwa gundi ya mafundi viatu, nikaipulizia rangi ya fedha. Kwa mbali ungeapa ni chuma. Kisha nikabandika velkro, ile mikanda inayonatana na kuachana kwa kelele, upande mmoja kwenye vipande na upande wa pili kwenye fulana. Niliona nimemaliza.

Fulana hunyumbuka, nami sikulifikiria hilo. Rafiki yangu alipoinua mkono, fulana ilipanda na kila kilichokuwa juu yake kilipanda nayo, hadi kinga ya kifua ikamgonga kidevuni. Jasho lilipoingia, gundi ikaachia. Nikaongeza gundi. Nikajaribu lastiki, vipande vikacheza kama vina mdundo wao. Nikajaribu pini, zikamchoma. Na siku ile ya zoezi, bega likadondoka.

Aibu yangu ilikuwa ya aina mbili. Kwanza ya fundi aliyeharibu. Ya pili ilikuwa ya mwanahistoria, nayo ndiyo iliyouma zaidi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimesoma juu ya deraya: unene wa bati, karakana za Milano na Augsburg, namna chuma kilivyopashwa na kupozwa. Nilikuwa na picha nyingi kwenye kompyuta yangu. Sikuwahi kujiuliza hata mara moja: haya yote yananing'inia wapi?

*

Usiku ule nililirudia andiko nililokuwa nimelipitia juu juu. Katika Maktaba ya Morgan, New York, kuna kitabu cha mkono chenye namba M.775, kilichoandikwa Uingereza katikati ya karne ya 15 na kinachohusishwa na shujaa mmoja wa enzi hizo, Sir John Astley. Ndani yake mna maelezo mafupi ya namna ya kumvika mtu deraya anapokwenda kupigana kwa miguu. Mara ya kwanza niliyasoma nikitafuta silaha, nikapata jambia na upanga, nikaendelea na safari. Safari hii niliangalia yanaanzia wapi.

Yanaanzia kwenye kitambaa. Mpiganaji asivae shati, yanasema, bali koti la kubana, la kitambaa kizito cha fustiani, yaani kitani kilichofumwa pamoja na pamba, lenye bitana ya satini na lililotobolewa matundu mengi. Matundu hayo ni ya kupitishia kamba za kufungia chuma. Na kamba zenyewe zina masharti: zitengenezwe kwa uzi laini wa aina inayotumika kwa nyuzi za pinde za mtambo, kisha zipakwe nta ya mafundi viatu, maana zikipakwa hiyo hazinyumbuki wala hazikatiki.

Nilicheka peke yangu chumbani. Mimi nilikwenda kwa fundi viatu kuchukua gundi, wao walikwenda kuchukua nta. Tofauti yetu ilikuwa ndogo hivyo, nayo ndiyo iliyoangusha bega.

Halafu yanafuata mavazi yenyewe, na utaratibu wake ni wa kupanda kutoka chini: viatu vya chuma kwanza, kisha miundi, mapaja, kiuno, kifua, mikono, na kofia mwishoni. Si mapambo ya utaratibu. Kipande cha juu hufunika ncha ya kipande cha chini, kama vigae vya paa, na aliyekwisha kuvaa kifua cha chuma hawezi tena kuinama kushughulikia goti lake. Magotini huzungushiwa kipande cha blanketi ili chuma kisichubue. Kwapani na kwenye kiwiko, mahali ambapo bati haliwezi kufunika bila kuuzuia mkono, hushonewa vipande vya wavu wa chuma palepale kwenye koti.

Ndipo nikaelewa kwa nini mtu aliweza kukimbia akiwa amebeba deraya kamili, ambayo kwa kawaida ilikuwa na kilo 20 hadi 25. Uzito haukukaa mahali pamoja. Kinga ya kifua ilibinywa kiunoni ili ikae juu ya nyonga, na miguu ya chuma ilifungwa kwa kamba kwenye vazi la ndani badala ya kujishikiza yenyewe. Mwili ulibeba koti, koti likabeba chuma. Mimi nilikuwa nimetengeneza deraya isiyo na koti.

*

Mama yangu ni fundi cherehani. Amekaa barazani kwetu Mbagala nyuma ya cherehani ileile tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Anashona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, na vitu ambavyo watu wameharibu wenyewe wakaona haya kusema. Ada yangu ya sekondari ilipita chini ya sindano ile. Pamoja na hayo, nilipojaza fomu ya kujiunga na uzamili, kwenye nafasi ya kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Hakuna aliyenilazimisha. Niliona tu neno hilo linakaa vizuri zaidi kwenye karatasi.

Jumamosi nilibeba deraya yangu kwenye mfuko wa salfeti nikaenda nyumbani. Mama hakuitazama rangi ya fedha niliyojivunia. Aliigeuza fulana ndani nje, akaivuta huku na huku.

"Hii fulana ndiyo inabeba yote haya?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, umepachika mlango kwenye pazia."

Akachukua kinga ya kifua na ya mgongo, akaziweka mwilini mwangu, akajaribu kuupeleka mkono wangu nyuma. Haukufika. "Na huyo Mreno wako," akauliza, "nani alimfunga? Maana hapa mkono wake haufiki."

Nikaanza kumjibu kwa lugha ya chuo, kwamba vyanzo vinajikita zaidi katika makamanda. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Basi kuna mtu hamjamwandika. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Pendekezo langu la utafiti lilikuwa na kurasa 14. Mlikuwa na wahunzi, wafanyabiashara wa silaha, wafalme na manahodha. Hamkuwa na mtu hata mmoja mwenye sindano.

*

Nilipoanza kuwatafuta, niliwakuta mapema kuliko nilivyotegemea. Mwaka 1327 mfalme Edward III wa Uingereza alikipa hati chama cha mafundi wa London kilichojulikana kama chama cha mafundi nguo na watengenezaji deraya za kitani. Ni chama kimoja. Waliomshonea mtu koti la kwenda kanisani ndio waliomshonea koti nene lililosindikwa pamba au matambara la kuvaa chini ya chuma, na pengine bila chuma kabisa. Chama hicho kipo mpaka leo kwa jina la Merchant Taylors, na sehemu ya pili ya jina lake la zamani imebaki kwenye vitabu. Kwa karne kadhaa, basi, fundi cherehani alihesabiwa kuwa mtengenezaji wa deraya, tena kwa hati ya mfalme.

Kwa nini tumemsahau? Sababu mojawapo ni nyepesi: chuma hukaa, kitambaa huoza. Ukiingia kwenye makumbusho ya silaha ya Ulaya utaona deraya zimesimama wima bila mtu ndani, zimeshikiliwa na fremu ambayo imefichwa kwa ustadi. Makoti ya ndani ya karne ya 15 yaliyosalia ni machache mno. Kwa hiyo tunaloonyeshwa ni nusu ya vazi, nasi tunaondoka tukiamini tumeona lote.

Tazama Adlergarnitur, deraya ya tai, iliyotengenezwa na Jörg Seusenhofer wa Innsbruck mwaka 1547 kwa ajili ya mwanamfalme Ferdinand wa Tirol, na ambayo sasa iko Vienna. Ina vipande 87. Havikuvaliwa vyote kwa pamoja. Kwa vita vya farasi unafunga hivi, kwa mashindano ya mikuki unaongeza vile, kwa kupigana kwa miguu unabadilisha vingine. Kila ninayemwonyesha picha yake husifu michoro iliyonakshiwa kwenye chuma. Mimi siku hizi naona kazi ya mtumishi aliyelazimika kujua vipande 87, mpangilio wake, na ni tundu lipi linapokea kamba ipi, kukiwa bado giza na bwana wake ana haraka.

Hata jukwaani jambo hili si geni. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Antony na Cleopatra, Cleopatra anajaribu kumvika Antony deraya na mwanzoni anakosea, anaweka kipande mahali pasipo pake. Baadaye, Antony anapoambiwa kwamba Cleopatra amekufa, anamwagiza mtumishi wake Eros amvue. Mwigizaji wa London mwanzoni mwa karne ya 17 alipaswa kuvuliwa chuma mbele ya watu huku akisema maneno mazito, na msaidizi mmoja tu pembeni. Mwongozaji wetu hakuwa amebuni shida mpya.

*

Mama alishona kizibao. Alitumia merikani, mikunjo miwili, kitambaa kigumu cha pamba ambacho kilipata jina hilo kwa kuwa katika miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta kwa wingi Unguja. Alimtaka rafiki yangu aje mwenyewe. Alimpima akiwa amesimama, akampima akiwa amekaa, akamwambia ainue mikono kama anayedaka mpira. "Nguo hupimwa mtu akifanya kazi yake," alisema. Kizibao kilimbana kiunoni, kikalegea mabegani.

Matundu aliyatoboa mawili mawili na kuyazungushia uzi kwa mkono. Nilitaka kununua ringi za shaba. Akakataa, akasema ringi hung'oka na kuondoka na kitambaa, ila uzi hushikamana nacho. Kamba tulizisokota kwa uzi wa katani, na nta tuliipata kwa fundi viatu jirani yetu, ambaye alitaka kujua tunavua samaki gani.

Kila bega tulilifunga juu kwa kamba mbili, na chini tukaweka mkanda wa ngozi unaozunguka mkono, wenye bizimu. Kifua na mgongo viliunganishwa mabegani kwa mikanda. Ubavu wa kulia tuliushona moja kwa moja, ule wa kushoto ukawa na bizimu mbili ili deraya ifunguke kama kitabu. Kwapani mama alishonea vipande vya sweta kuukuu vilivyopakwa rangi ya fedha, na kutoka safu ya tatu ungesema ni wavu wa chuma. Hakuwa amesoma andiko la Morgan. Aliona pengo, akaliziba pale linapozibika.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kukaza. Nilikuwa navuta kamba mpaka kipande kisitikisike, kwa woga wa lile bega. Mama alinishika mkono. "Kiache kicheze kidogo. Ukikibana sana, mtu hapumui, na kamba ndiyo itakayokatika." Kumbe deraya nzuri husogea. Mabati yake hupandana na kuteleza, na mafungo yake yana nafasi ndani yake.

Rafiki yangu alipoivaa aliruka, akachuchumaa, akainua upanga. Hakuna kilichodondoka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sasa naogopesha." Hakuwa anafurahi wala kulalamika.

*

Swali la mama liliniingia mpaka kwenye vyanzo. Nilirudia simulizi ya safari ya Almeida inayoeleza mashambulizi ya Mombasa, Agosti 1505, majuma machache baada ya Kilwa. Inataja nyumba za ghorofa, vichochoro vyembamba, na wenyeji waliowavurumishia wavamizi mawe kutoka juu ya mapaa. Nilikuwa nimeisoma kama simulizi ya mapigano ya mitaani. Sasa niliona pia saa iliyotangulia, ambayo mwandishi hakujisumbua nayo: wanaume ndani ya merikebu wakipeana migongo ili wafungwe. Askari wa kawaida wa miaka ile hawakuvaa deraya kamili; kinga ya kifua na kofia ya chuma vilitosha wengi wao. Lakini hata kinga ya kifua ina bizimu ambayo mwenyewe haifikii. Jeshi lililoichoma Mombasa lilianza asubuhi yake kwa watu kusaidiana kuvaa. Kulijua hilo hakuwapunguzii hatia. Kwangu kunaiongeza, kwa sababu mtu anayejua kumfunga mwenzake kwa uangalifu namna ile anajua pia mwili ni kitu cha kulindwa.

Almeida mwenyewe alikufa tarehe 1 Machi 1510 kwenye ufukwe wa Table Bay, akiwa njiani kurudi Ureno. Watu wake waliwachokoza Wakhoikhoi, wakashindwa, na Wareno wasiopungua 50 wakauawa. Masimulizi ya Kireno yanasema makamu wa mfalme alichomwa mkuki kooni. Koo, katika deraya, hukingwa na kipande chake peke yake, cha kuvaa na kuvua.

*

Onyesho lilifanyika Ijumaa. Mama alikaa safu ya tatu akiwa na mkoba wake wa sindano mapajani, endapo.

Hakuna kilichodondoka wakati wa vita. Hakuna aliyecheka. Mji ulipokwisha kuporwa, msichana aliyeigiza mtumishi akasogea, akaanza kuvua: kofia, bega la kushoto, bizimu za ubavuni. Fundo la bega la kulia likagoma. Alilivuta mara mbili. Mimi nyuma ya pazia nilihisi tumbo linashuka. Msichana akainama, akaling'ata kwa meno, akalifungua. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba kamba ilisikika ikipita kwenye tundu. Kisha deraya ikafunguka kama kitabu, na pale akabaki mtu mwenye kizibao cha merikani, kamba zikining'inia kila upande. Mvuvi. Akamshika mwanawe mkono, wakaanza kukimbia.

Nimekuwa nikiyawaza maneno ambayo Wareno walituachia. Chapeo ni lao, kutoka neno lao la kofia, nalo leo tunalikuta zaidi kwenye Biblia, katika Waraka kwa Waefeso, jirani na dirii ya kifuani iliyotoka Kiarabu. Leso pia ni lao. La kwanza wengi wetu tunalisikia kanisani tu. La pili, kuanzia Mombasa hadi Mbagala, linafungwa kiunoni, linafuta jasho, linabeba watoto.

Pendekezo la utafiti nimeliandika upya. Msimamizi wangu ameuliza kama kuna vyanzo vya kutosha juu ya kamba na vitambaa, na swali lake ni la haki. Ndiyo kazi iliyo mbele yangu. Fomu ya chuo sikuweza kuibadilisha. Lakini kwenye karatasi ya onyesho ile, chini ya neno "Deraya", kuna majina mawili, na la kwanza ni la mama.

Usiku ule kwenye daladala aliniuliza, "Lile fundo la kulia, nilifunga mimi au wewe?"

"Mimi."

"Nilijua," akasema, akageukia dirishani.